Kabla Kitovu Hakijakauka

Dorkasi alizaliwa mwaka wa njaa na kuolewa mwaka wa reli, na kati ya miaka hiyo alijifunza kukamua. Mtu akiulizia habari zake huko Mvumi alikokulia, hakuambiwa kwanza kwamba anasoma Injili bila kufuata mstari kwa kidole, ingawa hilo nalo lilikuwa kweli. Aliambiwa habari za mkono wake. Ng'ombe warusha mateke, wale ambao hata wanaume huwafunga miguu ya nyuma kabla ya kuwasogelea, walisimama kimya yeye alipochuchumaa ubavuni mwao, akaegemeza paji la uso kwenye mbavu zao na kuwavumia kitu ambacho hakikuwa wimbo wala maneno.

Kefa alipotaka kumposa, mama yake aliuliza swali moja tu.

"Anakamua?"

"Anakamua mpaka ng'ombe anasinzia."

"Mlete."

Huyo mama alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye masikio yaliyotobolewa mpaka ndewe zikagusa mabega. Alikataa ubatizo mara tatu, tena kwa adabu, lakini jina la ubatizo la mwanawe alilipenda, na alitaka watu wote wamwite Mama Kefa. Kaya yake ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni mpya ya Dodoma: tembe ndefu ya udongo, paa lake bapa la udongo vilevile, iliyouzunguka ua kwa pande zote nne. Dorkasi alilala upande mmoja, ng'ombe upande uliopakana naye, na ng'ambo ya ua, karibu na lango, palikuwa na chumba cha Mama Kefa na chumba cha ndama. Aliyelala humo husikia kila kitu. Husikia ng'ombe akicheua, mbuzi akipiga chafya, panya akitembea juu ya dari, na baada ya siku chache masikio huacha kutofautisha kipi ni cha mtu na kipi ni cha mnyama.

Kefa mwenyewe hakuwapo. Mdachi alitaka kodi ya kila nyumba, na reli, iliyokuwa imekwisha kuipita Dodoma ikielekea Tabora, ilitaka mikono. Kambi ya wafanyakazi ilihama kila reli iliposogea, kwa hiyo mkewe hakuweza hata kumwota mahali alipo. Katika ndoto zake Kefa alikuwa akitembea juu ya tuta jekundu, amempa mgongo, na tuta lilikuwa likirefuka.

Mtoto alizaliwa mwanzo wa mvua, wiki ambayo uwele ulichipua. Alikuwa wa kiume. Siku ya pili alikuja Sikudhani, mwanamke wa mjini ambaye babu yake aliwahi kupita na misafara ya pembe na kubaki. Yeye alinunua samli katika kaya za Wagogo na kuipeleka Dodoma, na miaka mingi ya kazi hiyo ilikuwa imeufanya mkono wake kuwa mizani.

"Mbukwa, mla mlenda!" aliita kutoka langoni kwa salamu ya Wagogo.

"Mbukwa, mwizi wa samli!" alijibu Mama Kefa. "Ingia. Leo sina samli, nina mjukuu."

Sikudhani alimpokea mtoto kwa viganja viwili, akafumba macho, akamwinua kidogo na kumshusha kidogo.

"Ratili saba," alisema. "Kamili. Na hajatiwa maji."

Walicheka wote watatu. Dorkasi alicheka akiwa amelala, na katikati ya kicheko usingizi ukamchukua.

Usingizi ndio uliokuwa tatizo, au hivyo ndivyo lilivyoonekana. Usiku wa kwanza mtoto alilala. Usiku wa pili aliamka, akanyonya, akalala, akaamka kabla mama yake hajapata hata kugeuka upande wa pili. Usiku wa tatu haukuwa na mwanzo wala mwisho. Dorkasi alinyonyesha na kusinzia, akasinzia na kunyonyesha, na kila alipofumbua macho moto wa samadi ulikuwa na umbo jingine: mara jicho, mara mdomo, mara taa ya garimoshi ikija kutoka mbali bila kufika. Mkono wake ulikuwa ukikamua hewa. Alimsikia mtu akivuma, akatambua baadaye kuwa ni yeye.

Alfajiri Mama Kefa alikuja akasimama juu yake.

"Mwanangu, unanyonyesha au unapigana?"

"Anaamka kila mara, mama. Nikimtoa tu, anataka tena."

"Anataka tena kwa sababu hapati. Na hapati kwa sababu ziwa halipewi nafasi ya kujaa." Aliketi kitako, akanyoosha miguu yake mirefu kuelekea motoni. "Wewe si mkamuaji? Ndama akilala na mama yake, asubuhi unakuta nini kwenye kiwele?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu. Ndiyo maana ndama wana chumba chao. Usiku wa leo huyu atalala kwangu. Alfajiri nitakuletea, na utaona."

Dorkasi hakubisha. Kwanza, hakuna mwanamwali aliyeolewa jana anayembishia mama mkwe. Pili, hesabu ya ndama aliijua tangu utotoni, na haikuwahi kumdanganya. Na tatu, jambo ambalo hakumwambia mtu, aliposikia neno "atalala kwangu" mwili wake wote ulilegea kwa furaha kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani.

Usiku ule alilala. Jua lilipotoka maziwa yake yalikuwa yamejaa mpaka yamekuwa magumu, yana joto, na yalivuja kabla mtoto hajasogezwa. Mtoto alinyonya akikohoa kwa wingi wake.

"Si nilikwambia?" alisema Mama Kefa, akapiga makofi mara moja, kama mtu anayefunga mlango.

Basi ikawa desturi. Jua likizama, bibi alimchukua mjukuu wake, akavuka naye ua na kuingia chumbani kwake, karibu na ndama. Mtoto akiamka, bibi alimwekea ziwa lake mwenyewe, ziwa kavu, bapa kama mfuko mtupu wa ngozi, naye akanyonya hewa mpaka akachoka. Akizidi kulia alipewa maji ya uvuguvugu kwa ncha ya kidole. Usiku wa kwanza alilia sana. Usiku wa pili alilia kidogo. Usiku wa nne hakulia kabisa, na majirani waliopita kutoa pongezi walisema huyu ni mtoto wa kiungwana, hasumbui watu.

Mchana alinyonya kidogo, akasinzia na chuchu mdomoni. Maziwa ya asubuhi, yaliyokuwa yakivuja, yaliacha kuvuja. Kisha yakawa laini. Dorkasi alijigusa gizani na kuogopa kile ambacho vidole vyake, vinavyojua viwele vya kila namna, vilikuwa vikimwambia. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba yeye, aliyeletwa katika kaya hii kwa ajili ya maziwa, hana maziwa?

Siku ya tisa Sikudhani alirudi kwa ajili ya samli. Alimchukua mtoto akiwa bado anacheka kwa utani alioufanya langoni. Akafumba macho. Akamwinua. Kicheko kikaisha.

"Mama Kefa, huyu mnampa nini?"

"Anapewa vya mtoto. Mbona?"

"Nilimwacha ratili saba. Leo hafiki sita na nusu."

"Mkono wako umezeeka."

"Mkono wangu umekomazwa na nyie mnaotia maji kwenye samli! Hauzeeki huo." Alilisema kwa utani lakini uso wake haukuwa wa utani. Alimbonyeza mtoto shavuni kwa kidole. Hakuamka. "Analala hivi kila siku?"

"Usiku na mchana. Hatujui hata sauti yake."

Sikudhani alishauri waende mjini kwa Mwalimu Makame wakaandikiwe kombe, mtoto aogeshwe. Mama Kefa alimwambia kombe ni la Waislamu na mvua ni ya wote, na hata mganga wa mvua bado hajaulizwa. Walibishana kidogo kama kawaida yao. Lakini alipokuwa akifunga mzigo wake, na Mama Kefa amekwenda kufungulia mbuzi, yule mwanamke wa mjini alimwinamia Dorkasi.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nimezaa saba na nimezika wawili. Wale watano walinikosesha usingizi mpaka nikawalaani. Wale wawili hawakulia. Mtoto mchanga akinyamaza sana, mimi huogopa."

Akamfunika mtoto kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, akaiacha, akaenda zake.

Usiku huo mvua ilinyesha mapema na kukatika. Dorkasi alilala peke yake juu ya ngozi, akasikiliza paa likinyonya maji. Usingizi ulikuja na kuondoka. Alikuwa Mvumi, alikuwa juu ya tuta, alikuwa amebeba kibuyu kinachovuja na haoni tundu. Kefa alikuwa mbele, amempa mgongo, na alipogeuka hatimaye akauliza jambo moja tu: yuko wapi?

Akaamka. Kulikuwa na sauti.

Ilikuwa sauti ndogo, yenye unyevu, yenye haraka, na ilitoka upande wa ng'ombe, nyuma tu ya ukuta wake. Ndama alikuwa akinyonya. Alinyonya, akasukuma kiwele kwa kichwa, akanyonya tena, na mama yake akatoa ule mngurumo wa chini ambao ng'ombe hautoi kwa mtu yeyote. Kisha kimya. Dorkasi alisinzia. Sauti ikarudi. Mara ngapi, hakujua. Usiku ulikuwa umejaa sauti ile kama maji yaliyojaa kwenye nyayo za ng'ombe uani.

Alikuwa ng'ombe aliyeitwa Baka, kwa ajili ya doa jeupe ubavuni. Alikuwa amezaa siku sita zilizopita. Na ndama wake hakuwa katika chumba cha ndama. Alikuwa na mama yake.

Dorkasi alikaa kitako.

Ilikuwa hivyo siku zote. Yeye mwenyewe, mara ngapi, amemwacha ndama mpya kwa mama yake usiku na mchana, bila kufikiri, kwa sababu hakuna anayefikiri juu ya jambo kama hilo? Ndama hafungwi mpaka kitovu kikauke, mpaka miguu yake imbebe vizuri, mpaka aanze kuyanusa majani na kuyatafuna kwa mchezo. Hapo ndipo anapotengwa. Ukimtenga kabla ya hapo hufi wewe, anakufa yeye. Na ng'ombe asiyeombwa maziwa na mtoto wake huyafunga. Kila mkamuaji anajua. Alijua. Alilijua jambo hilo kwa mikono yote miwili na hakulijua kwa kichwa.

Desturi ya kaya ilikuwa kwamba mzazi havuki ua usiku kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Dorkasi alijifunga kanga ya Sikudhani, akavuka ua. Tope lilikuwa baridi. Juu, mawingu yalikuwa yamefunguka, na nyota zilikuwa nyingi na karibu, na kwa kitambo kidogo hakuwa na hakika kama anatembea au bado amelala.

"Nani huyo?" Sauti ya Mama Kefa ilitoka gizani kabla hajafika mlangoni. Wazee hawalali.

"Ni mimi, mama."

"Umevuka ua? Kitovu hakijadondoka nawe unavuka ua?"

"Mama, ndama wa Baka mbona hukumfunga?"

"Umeamka usiku huu kuniuliza habari za ndama?"

"Mbona hukumfunga?"

"Nani anayefunga ndama wa siku sita! Mwanangu, una homa? Kitovu chake bado kibichi. Yule anaachwa anyonye atakavyo mpaka..."

Akainamisha macho kifuani.

Makaa yalikuwa yakitoa mwanga kidogo tu. Yule mwanamke mrefu alikuwa amelala chali, mtoto kifuani pake, mdomo mdogo umeegeshwa kwenye ziwa tupu. Kifua cha bibi kilipanda na kushuka na mtoto akapanda na kushuka nacho, kama kitu kilichoachwa juu ya maji. Mkono mkubwa, mkavu, ulikuwa umemfunika mgongo wote. Dorkasi aliona, kwa mara ya kwanza, jinsi ulivyomfunika.

"Nilikuwa naye mwingine baada ya Kefa," Mama Kefa alisema. "Mwaka ule wa njaa, mwaka uliozaliwa wewe. Nililala naye hivi hivi. Alinyonya usiku kucha, nami nikamwacha, kwa sababu nilimhurumia. Siku moja ziwa likawa kavu. Miaka yote hii nimesema ni mimi. Nilimwacha akalikausha. Laiti ningelilipa nafasi lijae."

Dorkasi alipiga magoti.

"Mama," alisema. "Ulikuwa hujala."

Ng'ombe mmoja alijigeuza upande wa pili wa ua. Mkono mkubwa wa Mama Kefa uliinuka polepole kutoka mgongoni mwa mtoto, ukabaki hewani, na Dorkasi akamchukua.

Sasa ilikuwa kazi. Mtoto hakuamka. Alimwekea chuchu mdomoni, mtoto akaishika kama mtu anayekumbuka jambo la zamani, akaiachia. Alimpuliza usoni. Akamkuna shavu. Ndipo Dorkasi akafanya kile alichokijua zaidi ya kitu chochote duniani: akaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa udongo, akaanza kuvuma, na akajikamua mwenyewe. Alianzia mbali, karibu na mbavu, akaja taratibu, hakubana, hakuvuta. Kwa muda hakuna kilichotoka. Alivuma. Tone moja likatoka, likaning'inia, likaanguka mdomoni mwa mtoto. La pili. Ulimi ukasogea.

"Amemeza," alinong'ona Mama Kefa.

"Mlowanishe unyayo, mama. Asilale."

Bibi alichovya kidole kwenye maji yale yale aliyokuwa akimpa, akampitishia mtoto chini ya mguu. Mtoto alikunja uso kwa hasira, akafungua kinywa ili alalamike, na kinywa kikakuta ziwa.

Usiku ule walimwamsha mara tano. Usiku uliofuata mara saba. Mama Kefa alihamishia ngozi yake chumbani kwa mkwewe, na kwa kuwa hakuwa na usingizi wa kupoteza, yeye ndiye aliyekuwa mlinzi: makaa yakififia aliyachochea, na kila alipoyachochea alimgusa mkwewe begani. "Amka, Baka," alimwambia, na Dorkasi aliamka akicheka bila kufumbua macho. Mchana alimpikia uji wa uwele wenye maziwa na kusimama juu yake mpaka bakuli liwe tupu. Hakueleza kwa nini. Dorkasi alikunywa yote.

Siku zile hazikuwa na kingo. Dorkasi hakujua tena usiku unaishia wapi; alinyonyesha ndotoni na kuota akinyonyesha. Lakini vidole vyake vilijua. Usiku wa tatu vilimwambia kwamba ziwa la kushoto ni zito kuliko jana. Usiku wa nne mtoto alimeza kwa sauti, glu, glu, na maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo, na bibi yake akayapangusa kwa kidole gumba na kukilamba, kama anavyofanya mtu anayeonja samli.

Kitovu kilidondoka mchana, juu ya kanga ya Sikudhani, bila mtu kuona. Na jioni ile wote wawili, mama na bibi, walilala usingizi wa waliochoka, makaa yakafa, na hakuna aliyemgusa mwenzake begani.

Ilikuwa saa ile ambayo hata mbuzi wamenyamaza. Mbali sana, upande wa Dodoma, garimoshi la kokoto lilipiga honi. Na mara, katikati ya tembe, ikatoka sauti ambayo kaya ile ilikuwa haijaisikia kwa karibu juma zima: kali, nyembamba, yenye ghadhabu, ikapanda mpaka kwenye dari ikamfukuza panya. Ng'ombe wakainuka. Mbwa akabweka nje. Ndama wa Baka akaitikia.

"Yesu wangu!" Dorkasi aliruka akakaa.

"Msikie!" Mama Kefa alikuwa akicheka gizani, kicheko kinachokatika kama kilio. "Msikie mwenye kaya! Nani amemwamsha? Mimi sikumwamsha. Wewe umemwamsha?"

"Hapana, mama."

"Basi kaamka mwenyewe!"

Alitafuta makaa kwa kupapasa, akapuliza, akapuliza tena, ili tu aone uso ule ukilia. Dorkasi alimvuta mtoto karibu. Kilio kikakatwa katikati, ikabaki pumzi, na sauti ndogo yenye unyevu na haraka, na nyuma ya ukuta sauti nyingine kama hiyo.

"Lala, mwanangu," alisema Mama Kefa. "Atatuamsha tena."

Naye akawaamsha. Kabla ya alfajiri aliwaamsha mara nne.